Majina matatu, mtu mmoja: kisa cha binti wa Newala na safari ya chuo kikuu

Kisa hiki ni cha msichana wa Newala, mkoani Mtwara, aliyemaliza kidato cha sita Mei 2024 na kuingia chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huo huo. Jina lake silitaji, na mambo ambayo yangemfanya atambulike kijijini nimeyaacha au nimeyafifisha. Nakiandika kwa ajili ya walimu wenzangu, watendaji wa vijiji, na wale jamaa wenye moyo ambao kila Julai matokeo yakitoka huanza kuchangishana kwenye magrupu ya WhatsApp ili mtoto wa fulani aende chuo. Michango hiyo siidharau. Lakini kwa mtoto wa maskini ambaye kwao hajawahi kutokea mtu wa chuo kikuu, Julai ni kuchelewa. Kufikia hapo alama anazo tayari. Kinachomkwamisha ni karatasi na kalenda, na vyote viwili vina dawa ya bei ndogo kwa anayeanza mapema.

Kwao

Baba yake alifariki kabla hajaanza shule. Mama akaolewa tena Tandahimba, na mtoto akabaki kwa bibi mzaa mama, chini ya mjomba. Kwa Wamakonde hilo halimshangazi mtu. Ukoo ulifuata upande wa mama, na hata leo penye uamuzi mkubwa juu ya mtoto anatafutwa mjomba kwanza. Mjomba huyu ana shamba la mikorosho la wastani na elimu ya darasa la saba. Bibi yumo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na mjukuu ameandikwa humo kama mwanakaya.

Binti alisoma shule ya kata. Ada ya sekondari ya kawaida ilikuwa imeshaondolewa tangu 2016, na alipopangiwa kidato cha tano mwaka 2022, ndio mwaka ambao ada ya kidato cha tano na sita nayo ilifutwa. Kwa hiyo tangu chekechea mpaka mtihani wa mwisho wa sekondari hakuwahi kuambiwa athibitishe kwamba kwao ni maskini. Alisoma tu, kama wenzake. Mlango wa chuo kikuu ndio wa kwanza uliomtaka aeleze umaskini wake kwa maandishi, kwa mihuri na sahihi, tena ndani ya tarehe zilizopangwa.

Tahasusi yake ilikuwa HGK. Alipata divisheni wani ya pointi nane (kwa hesabu ya divisheni, pointi chache ndizo bora): B ya Kiswahili, C ya Historia na C ya Jiografia. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi nne, kwa hesabu nyingine ambayo A ni tano na E ni moja. Yeye kwa masomo mawili tu alikuwa na saba. Nayataja haya ili kuzima mapema yale maswali ya kama alikuwa na uwezo. Hata hamasa alikuwa nayo, kwa hiyo wanaopenda kuandaa semina za kuhamasisha wasichana kusini, kwa kisa hiki wangekuwa wamemhubiria aliyekwisha kuokoka.

Majina

Alikuja kwetu likizo ya Desemba 2023, akiwa amebakiza miezi mitano kufanya mtihani. "Kwetu" ni kikundi kidogo cha walimu na vijana waliopita vyuoni, tunaokaa darasani Jumamosi na kuwasaidia watoto wa tarafa yetu kujaza fomu. Alisalimia, akakaa, akasema, "Mwalimu, nimeambiwa mnasaidia mambo ya mkopo." Tukamuuliza cha kwanza tunachomuuliza kila mtu: cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Hana. Alizaliwa 2005. Ule mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bure ulianza Mbeya mwaka 2013, wakati yeye ameshafika miaka minane. Wengi wa rika lake vijijini wako hivyo hivyo.

Kukosa cheti ni tatizo la kawaida. Lake lilikuwa na tatizo jingine ndani. Kadi ya kliniki ilikuwa na jina lake na majina ya baba. Shuleni aliandikwa kwa jina la mjomba, kwa sababu mjomba ndiye aliyemshika mkono siku ya kuandikishwa, na mwalimu wa zamu aliuliza "jina la pili?" akajibiwa. Jina hilo likaenda naye darasa la saba, likaingia kwenye cheti cha kidato cha nne. Baba naye, Mungu amrehemu, alikuwa na jina la msikitini na jina la mtaani, na watu wa kijiji walimjua kwa la mtaani.

Sasa fuatana nami taratibu, maana hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanapoharibu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Jina linalokuja na namba hiyo ndilo lililoko Baraza la Mitihani. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA. Vitu hivi viwili vikigongana, ombi halitembei. Na kama mwombaji anasema ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi nacho kinahakikiwa, na jina la marehemu lazima liwe lile lile lililoandikwa kwenye nafasi ya baba katika cheti cha kuzaliwa. Yaani kuna mnyororo: kidato cha nne kinashika cheti cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa kinashika cheti cha kifo. Pete ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote kubadilisha, kwa hiyo zote mbili zinazofuata lazima ziifuate hiyo.

Familia ilitaka kinyume chake. Walitaka cheti kitoke kwa jina la kadi ya kliniki, kwa kuwa ndilo "jina lake la haki". Bibi alikasirika hasa. "Kwa hiyo baba yake mnamfuta?" Tulichukua muda mrefu kumweleza kwamba baba hafutwi: fomu ya kusajili kizazi ina sehemu ya jina la mtoto na sehemu nyingine ya jina la baba. Mtoto ataandikwa kama alivyoandikwa shule, na baba ataandikwa kwa jina lake kamili, la msikitini, kwenye mstari wake. Alipouona mstari wenyewe kwenye fomu akanyamaza, kisha akasema basi na liandikwe vizuri, lisikatwe.

Usajili uliochelewa unataka ushahidi. Tulikusanya barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kumaliza darasa la saba, kadi ya kliniki, na kiapo cha mama kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Mama ilibidi afuatwe Tandahimba. Gharama zote, nauli yake ikiwamo, hazikufika nauli ya mtu mmoja kwenda Dar es Salaam na kurudi. Cheti kilitoka kabla ya mtihani wa Mei, nacho kikafungua mambo mengine: kwa cheti hicho akaweza kuomba kitambulisho cha taifa cha NIDA, na bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole kwa jina lako mwenyewe. Namba haikutoka kwa wakati. Shika hilo, tutalirudia.

Cheti cha kifo kilikuwa kazi ndefu zaidi. Mauti yalitokea nyumbani, miaka mingi nyuma, hakuna karatasi ya hospitali. Ilibidi watafutwe waliozika, waeleze mbele ya mtendaji, na yule marehemu wa jina la mtaani athibitike kuwa ndiye marehemu wa jina la msikitini. Hicho hakikuwahi dirisha la maombi ya mkopo.

Mjomba na mikorosho

Fomu ya mkopo ina sehemu ya mdhamini. Mdhamini ni mtu mzima mwenye kitambulisho, anaweka picha na sahihi. Aliyefaa ni mjomba, naye alikataa.

Hakukataa kwa ubishi. Alikaa kwenye benchi la darasa, kofia mkononi, akauliza: "Mwalimu, mkopo huu ukishindikana kulipwa, watachukua mikorosho?" Anayejua Newala hatacheka. Kuweka mikorosho rehani ni jambo analoliona kila mwaka: mtu anahitaji fedha ya msiba au ya matibabu, anakabidhi miti kwa mwenye fedha, na misimu kadhaa mwenye fedha ndiye anayevuna. Neno mkopo kwake lina sura hiyo, na fomu yenye picha yake na sahihi yake ilifanana nayo mno.

Tulimweleza kwamba mkopo wa Bodi hauweki mti wala shamba rehani. Anayedaiwa ni mwanafunzi. Akiajiriwa, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya fedha, iliyokuwa ikifanya deni linenepe, ilifutwa 2021. Akauliza, "Na asipopata kazi?" Hapo sikumpaka mafuta. Anapomaliza ana kipindi cha neema cha miaka miwili, na baada ya hapo anatarajiwa kuanza kulipa, awe na kazi ya serikali au ya kujitafutia. Nadhani ni jibu hilo, lisilo na utamu, lililomfanya aweke sahihi. Mtu aliyezoea madalali anajua kunusa maneno matamu.

Kuna walimu wanaoona mazungumzo haya ni kupoteza muda, wanampa mzee kalamu na kumwonyesha pa kusaini. Ni njia ya haraka. Lakini mjomba aliyesaini bila kuelewa ndiye yule yule ambaye Novemba atamwambia binti arudi nyumbani.

Juni

Tangu utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria uliporejeshwa mwaka 2013, wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa hukaa makambini miezi mitatu. Mwaka 2024 wito ulikuwa mwanzoni mwa Juni. Binti alipangiwa kambi iliyoko Kigoma, yaani kona ya pili kabisa ya nchi. Sasa tazama kalenda. Dirisha la mkopo lilifunguliwa mwanzoni mwa Juni hadi mwisho wa Agosti, kisha likaongezwa majuma mawili. Matokeo yalitoka 13 Julai. Maombi ya vyuo yakafuata hapo hapo. Karibu kila kitu kinachohitaji sahihi yake, simu yake na uamuzi wake kiliangukia wakati yuko kambini, anaamka alfajiri kukimbia mchakamchaka, na simu haishikwi kila saa.

Anayetoka nyumba yenye msomi ana baba au dada wa kumalizia hayo mjini. Yeye alikuwa na mjomba, na mjomba alikuwa shambani, maana miezi hiyo ndiyo ya kupulizia dawa mikorosho.

Kilichosaidia ni zile siku chache kati ya kufunguliwa dirisha na kupanda basi la Kigoma. Kwa kuwa cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimeshahakikiwa, namba ya kaya ya TASAF ipo na mjomba ameshaelewa, fomu ilijazwa, ikachapishwa steshenari, ikasainiwa na mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, ikapelekwa kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, ikaskaniwa na kupandishwa kwenye mfumo. Huhitaji matokeo ya kidato cha sita ili kuanza ombi la mkopo. Unahitaji namba zako za mitihani. Wengi hawajui hilo na wanasubiri matokeo ndipo waanze kukimbilia mihuri.

Fedha ya hayo ilitoka wapi? Ada ya kuomba mkopo ilikuwa 30,000. Maombi ya vyuo ni 10,000 kwa kila chuo. Ongeza uhakiki, uchapishaji na nauli za kwenda mjini. Kwa mfanyakazi wa ofisini hiyo ni fedha ya mafuta ya gari. Kwa mkulima wa korosho, Juni mpaka Septemba ndiyo miezi mikavu kuliko yote: ya msimu uliopita imekwisha, ya msimu ujao iko juu ya mti. Njia iliyo wazi kwake ni kangomba, kuuza korosho kwa mnunuzi wa kificho kabla ya mnada, kwa bei ya kuumia. Piga hesabu ya mfano: akiuza kilo 20 kwa 1,500, anapata 30,000 ya fomu. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 bei ilivuka 4,000 kwa kilo. Kilo hizo hizo zingemletea zaidi ya 80,000 kabla ya makato. Ombi la mkopo lingekuwa limemgharimu zaidi ya mara mbili ya bei yake, na hakuna fomu yoyote ambayo ingeonyesha hivyo.

Kikundi kilimkopesha mjomba fedha hiyo bila riba, arudishe malipo ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, yakitoka. Nasisitiza kwamba tulimkopesha. Yeye mwenyewe hakutaka sadaka, na mfuko wetu ungekauka tungekuwa tunagawa. Alirudisha yote.

Ujumbe wa Kiingereza

Uchaguzi wa kozi tuliufanya kwa simu za Jumapili, na hatukukubaliana. Binti alitaka sheria. Mjomba alitaka ualimu, tena hapo hapo Mtwara katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, akalale kwa jamaa. Mimi nilikuwa karibu zaidi na mjomba: shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili, bado kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo mbele, na hiyo nayo ina gharama zake. Aliyetuzidi wote ni kijana wetu wa mwaka wa pili chuoni, mtoto wa Kitangari. Alisema swali la kwanza ni bweni, kozi ifuate. Chuo Kikuu cha Dodoma kina mabweni ya maelfu ya wanafunzi ndani ya eneo lake. Mtoto asiye na ndugu mjini hatahangaika na kodi ya chumba na nauli ya daladala kila siku. Mimi nimefundisha miaka mingi na nisingeanzia hapo. Shirika la CAMFED, lililoko Tanzania tangu 2005, limelijenga wazo hilo kuwa utaratibu: wasichana waliosaidiwa kumaliza shule hurudi kuwashika mkono wanaowafuata. Aliyepita juzi anakumbuka mahali mawe yalipo.

Tuliomba vyote viwili, na vyote viwili vikamkubali: sheria Dodoma, ualimu Mtwara. Anayekubaliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu aliyoombea. Na simu aliyoombea, kwa kuwa laini ya jina lake haikupatikana, ilikuwa kitochi cha mjomba.

Siku mbili kitochi kilikuwa kwa fundi wa kuchajisha. Kiliporudi, mjomba alikuta ujumbe wa Kiingereza wenye tarakimu, asijue umetoka kwa nani. Sisi wenyewe, na redio, na kampuni za simu, tumewaambia wazee hawa kila siku: ukipata ujumbe wenye namba za siri usimpe mtu, ni matapeli. Mjomba ni mtu msikivu. Akaufuta. Tulipompigia kumuuliza kama kuna ujumbe umeingia, akajibu kwa fahari kwamba uliingia wa kitapeli na ameshaumaliza.

Namba inaweza kuombwa tena kupitia akaunti ya mwombaji, na iliombwa, na binti akathibitisha Dodoma siku za mwisho. Lakini ukitafuta mahali ambapo safari nzima ilining'inia kwenye uzi, hapo ndipo. Ndiyo maana sasa tunawaambia watoto wa kidato cha tano: ukifikisha miaka 18, NIDA kwanza, laini kwa jina lako, nywila kwenye daftari la nyumbani.

Oktoba

Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu. Awamu ya kwanza hakuwamo. Mjomba alinyamaza kwa namna ambayo niliielewa. Awamu ya pili akatokea: fedha ya chakula na malazi kamili, ada sehemu tu. Faili lake lilikuwa na TASAF lakini halikuwa na cheti cha kifo, kwa hiyo kwenye karatasi alionekana binti mwenye baba hai asiyejulikana anafanya nini. Cheti cha kifo kilipotoka mwishoni mwa Septemba, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Tukakitunza kwa ajili ya rufaa.

Hapa naomba wachangishaji wanisikilize. Fedha ya kujikimu, boom kama wanavyoiita wenyewe, ni 10,000 kwa siku. Zamani ilikuwa 8,500. Hulipwa kwa mafungu, na fungu la siku 60 ni 600,000. Ni fedha ya maana. Lakini haitoki mpaka mwanafunzi awe amefika chuoni, amesajiliwa, akaunti yake ya benki imepokelewa na amesaini. Ili asajiliwe, anatakiwa awe na sehemu ya ada isiyolipwa na Bodi, bima ya afya kama hana nyingine (mwaka ule 50,400), 20,000 ya TCU, michango ya serikali ya wanafunzi, na fomu ya daktari. Ili afike, nauli kutoka Newala hadi Dodoma. Akifika, godoro na chakula cha majuma ya mwanzo. Mkopo anao, ila uko ng'ambo ya mto na daraja linalipiwa upande huu. Wapo wanaoacha hapo, wakiwa na jina kwenye orodha ya waliopata mkopo, na kijijini inasemwa kwamba "alichaguliwa lakini hakutaka".

Mchango wetu wote wa fedha tuliuelekeza kwenye pengo hilo. Kwa bahati korosho ilianza kuuzwa Oktoba hiyo hiyo na bei ilikuwa nzuri kuliko miaka mingi, hivyo mjomba alibeba nauli na godoro. Mwaka wa bei mbaya tungebeba sisi, na sijui kama tungefika.

Boom la kwanza lilipoingia, alituma sehemu yake nyumbani. Wapo wenzangu walionuna: fedha ya kusomea inaezekaje nyumba ya bibi? Mimi sinuni. Bibi huyo ndiye kaya iliyoandikwa TASAF, na bila kaya hiyo faili lisingekuwa na kitu. Tulichomwambia ni ahesabu kwanza siku 60, kisha atume kinachobaki. Mwezi wa pili alikula mlo mmoja kwa siku kwa muda, akajifunza hesabu hiyo bila sisi.

Yule mwingine

Katika shule ile ile ya kata alikuwapo kijana aliyemaliza naye kidato cha nne. Kidato cha sita alimzidi, divisheni wani ya pointi sita. Wazazi wake wote wako hai na wana hali nafuu kidogo, ingawa nao hawajawahi kupeleka mtoto chuo kikuu. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Kilichoandikwa humo na kilichoko Baraza la Mitihani kilitofautiana jina la tatu na herufi mbili za la kwanza. Yeye alianza Julai, matokeo yalipotoka, akiwa kambini, na kaka yake ndiye aliyekuwa akihangaika na ofisi mbalimbali. Kila ofisi ilimwambia mhusika aje mwenyewe. Aliporudi Septemba, siku zilizobaki hazikutosha kurekebisha majina na kupata mihuri. Chuo alipata, mkopo hakupata, akaahirisha mwaka.

Watoto wawili si utafiti. Lakini ukiwaweka pamoja, mwenye alama kubwa na familia nafuu amebaki, na yatima wa kaya ya TASAF ameondoka. Sioni tofauti nyingine kati yao iliyo kubwa kuliko ile Desemba.

Tunachokifanya sasa

Tumehamia madarasa ya chini. Jina la mwanafunzi hushikana na namba yake ya PReM, namba ya kumtambulisha kwenye kumbukumbu za shule, tangu shule ya msingi, na likishaingia kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha nne linakuwa gumu kama mpingo. Kwa hiyo kazi yetu kubwa siku hizi tunaifanya kidato cha pili na cha tatu: tunawaambia watoto walete cheti cha kuzaliwa, tunakiweka kando ya orodha ya shule, tunasoma herufi kwa herufi. Asiye na cheti tunaanza naye mchakato akiwa bado na miaka mitatu mbele. Asiye na mzazi tunamuuliza cheti cha kifo, kwa upole, mbali na wenzake. Watendaji wa vijiji viwili wameanza kuandika mauti yanapotokea, hata ya nyumbani. Ni kazi isiyo na picha ya kupiga, na wafadhili wanaokuja huonekana kupoteza hamu nikifika kwenye sehemu ya herufi. Wao hupenda kununua kompyuta.

Rufaa ilirudi na nyongeza ya ada wakati muhula umeshaanza. Pengo lililobaki halikufika laki nne kwa mwaka. Chuo kilimkubalia kulipa kwa awamu kwa barua ya maombi, ambayo aliiandika mwenyewe na kutuma nakala kwetu ili tuone kama imekaa sawa. Ilikuwa imekaa sawa. Aliomba tarehe ya awamu ya mwisho iwe baada ya minada ya korosho, na akaeleza sababu kwa mistari minne, na sasa tunawaonyesha wengine barua hiyo wanapotaka kujua namna ya kuandika yao.